Mbwa wa Kizingitini

Katikati ya karne ya 13, padri Mdominiko aliyeitwa Étienne de Bourbon alikuwa akizunguka vijiji vya jimbo la Lyon, Ufaransa, akihubiri na kusikiliza maungamo. Wanawake wengi waliokuja kuungama walitaja jambo lile lile: walikuwa wamewapeleka watoto wao wagonjwa kwa Mtakatifu Guinefort. Padri hakuwa na habari za mtakatifu wa jina hilo. Akadadisi. Jibu alilopata lilimshtua hata akaliandika kitabuni, na ndiyo sababu tunalo hadi leo. Guinefort alikuwa mbwa.

Kisa alichosimuliwa ni hiki. Karibu na Neuville palikuwa na kasri la bwana mmoja mwenye mtoto mchanga. Siku moja bwana na mkewe walitoka, yaya naye akatoka, mtoto akabaki peke yake kitandani. Joka kubwa likapenya ndani na kumwendea. Mbwa wa kuwindia wa bwana yule alilirukia, wakapigana hadi kitanda kikapinduka, na mwisho mbwa akalirarua joka na kulitupa mbali. Yaya aliporudi aliona damu sakafuni, damu mdomoni mwa mbwa, na kitanda kimefudikia. Akapiga yowe. Mama akaja, naye akapiga yowe. Bwana akachomoa upanga akamuua mbwa papo hapo. Walipoinua kitanda walimkuta mtoto amelala salama, na joka limechanikachanika pembeni. Kwa majuto, mbwa alizikwa katika kisima mbele ya lango, akarundikiwa mawe, na miti ikapandwa iwe kumbukumbu. Miaka ikapita, kasri likabomoka, pakawa gofu na kichaka. Wanakijiji hawakumsahau mbwa. Mwenye mtoto aliyedhoofu alimpeleka pale.

Padri aliagiza kaburi lifukuliwe, miti ikatwe, mifupa ichomwe pamoja nayo. Amri ikatolewa kwamba atakayekwenda tena atanyang'anywa mali. Haikufaa kitu. Mwaka 1879, miaka zaidi ya 600 baadaye, mtafiti wa eneo lile alikuta wenyeji bado wanaujua msitu wa Mtakatifu Guinefort na bado wanautembelea kwa ajili ya watoto.

Si vyema kuupamba msitu ule kupita kiasi. Padri anaeleza kwamba mtoto aliachwa uchi chini ya mti huku mishumaa ikiwaka pande zake, na kisha akachovywa mara tisa katika maji ya mto. Wapo waliokufa kwa mateso hayo. Shida iliyowafikisha kina mama pale ilikuwa shida ya kweli, na tiba waliyoijua ilikuwa kali. Lakini tuitazame picha iliyobaki katika kumbukumbu yao baada ya yote: gofu la nyumba ya kale, mbwa mwaminifu aliyekwisha kufa, na mtoto anayelindwa. Picha kama hiyo ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa mojawapo ya aina za hadithi zinazopendwa sana na watoto wa Uingereza, hadithi ya mzuka usiotisha.

Wengi hudhani hadithi za namna hiyo ni za kutisha zilizopunguzwa makali ili watoto wapate usingizi. Historia yake haikwenda hivyo. Upole ulikuwapo tangu mwanzo, vinywani mwa wanawake na wakulima. Hofu ndiyo iliyokuja kubandikwa juu, mara nyingi na watu wenye kalamu.

Kisa cha mbwa na joka chenyewe ni cha kale kuliko Ufaransa. Kimo katika Panchatantra ya Wahindi, ambako anayemlinda mtoto ni nguchiro. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa alikiweka kwa Kiarabu ndani ya Kalila wa Dimna, kikasambaa kote katika ulimwengu wa Kiislamu na kuvuka hadi Ulaya. Huko Wales kilipata kaburi. Kijiji cha Beddgelert kina rundo la mawe linalotajwa kuwa kaburi la Gelert, mbwa wa Mwanamfalme Llywelyn, naye aliuawa kwa kosa lile lile baada ya kumwokoa mtoto na mbwamwitu. Mawe yale yaliwekwa mwishoni mwa karne ya 18, na anayetajwa kuyaweka ni David Pritchard, mwenye nyumba ya wageni ya hapo kijijini, aliyetaka wasafiri wapate sababu ya kulala kwake. Watu wamekwenda tangu hapo na wanakwenda hata sasa, wakijua au wasijue habari za Pritchard, kwa kuwa majuto ya baba yule yanawagusa.

Msomaji wa Lamu, Mombasa au Unguja hahitaji kwenda mbali hivyo kumpata mbwa wa namna hii. Suratul Kahf, inayosomwa na wengi kila Ijumaa, inawataja vijana waliokimbilia pangoni kulinda imani yao, wakalala miaka 300 na kuzidisha tisa, huku mbwa wao akiwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Wafasiri wamempa jina Qitmir. Katika jamii ambayo aghalabu mbwa haingizwi ndani ya nyumba, watoto hukua wakimjua mbwa huyu mmoja aliyepewa heshima ya kutajwa pamoja na waja wema. Na mahali alipowekwa pana maana kubwa: mlangoni, nusu ndani na nusu nje, kati ya waliolala na ulimwengu unaobadilika bila wao kujua. Kila mbwa wa hadithi hizi hukaa hapo.

Huko Uingereza mbwa wa mlangoni aligeuzwa shetani kwa maandishi. Jumapili ya tarehe 4 Agosti 1577, dhoruba kali ya radi iliupiga mkoa wa Suffolk wakati wa ibada. Mwandishi wa London, Abraham Fleming, ambaye baadaye alikuja kuwa kasisi, alichapisha kijitabu akieleza kwamba mbwa mweusi mwenye moto alikimbia ndani ya kanisa la Bungay, akapita kati ya watu wawili waliopiga magoti, nao wakafa palepale. Kisha akaonekana Blythburgh, kilomita kumi na kadhaa kutoka hapo, akaua tena. Mlango wa kanisa la Blythburgh una alama za kuungua ambazo wageni huonyeshwa kuwa ni za makucha yake. Wanahistoria wa wakati ule walioiandika dhoruba hiyo walitaja radi, mnara ulioanguka na watu waliokufa. Mbwa hawakumtaja. Lakini kijitabu cha Fleming ndicho kilichosomwa, na kwa karne nne mbwa mweusi wa pwani ile, aitwaye Black Shuck, amebaki na sura aliyochorewa na mwandishi yule.

Kwenye kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland, habari ni ya kati na kati. George Waldron, ambaye maelezo yake ya kisiwa hicho yalichapishwa mwaka 1731, anasimulia juu ya ngome ya Peel na mbwa mmoja mweusi mwenye manyoya marefu yaliyojikunja. Kila jioni, mishumaa ilipowashwa, alikuja kulala mbele ya moto katika chumba cha walinzi. Askari walimzoea wakawa wanakaa naye. Jambo moja tu walijizuia: hawakutukana mbele yake. Waldron anaendelea na askari mlevi aliyejitia ushujaa, akatoka peke yake na funguo usiku, akarudi amekuwa bubu na kufa baada ya siku tatu. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyonukuliwa sana baadaye, naye Walter Scott akaichukua. Ile ya kwanza ndiyo inayostahili kukaa nayo zaidi: walinzi wa ngome baridi, usiku baada ya usiku, wamekaa karibu na mbwa wanayejua si wa dunia hii, wakichunga midomo yao kwa heshima yake. Hakuna anayemfukuza. Yeye ni wa nyumba ile kuliko wao.

Aliyewarudisha wasomi kwenye vinywa vya wanakijiji ni mwanamke, Ethel Rudkin, aliyeishi Willoughton katika mkoa wa Lincolnshire. Mwaka 1936 alichapisha kitabu cha simulizi za mkoa wake, na mwaka 1938 jarida la Folklore likatoa makala yake ndefu juu ya mbwa mweusi. Rudkin alikwenda kijiji kwa kijiji akiwauliza watu ni nani anayetembea katika vichochoro vyao usiku. Mbwa aliyeelezwa ni mkubwa, mweusi, anayejitokeza penye ua wa miti, akafuatana na mpita njia, kisha akatoweka mahali pale pale kila mara, kwenye pengo la ua au langoni mwa nyumba ya kale. Majani huchakarika anapopita. Hamng'ati mtu. Waliosimulia walikuwa watu wazima wenye akili timamu, na Rudkin aliandika bila kujificha kwamba yeye mwenyewe alikwisha kumwona.

Kuna simulizi moja katika mkusanyiko ule inayofungua macho. Mwanamke alikuwa akirudi nyumbani usiku, njia haina watu, mara mbwa mkubwa asiyemjua akaanza kutembea kando yake. Wakawapita vibarua kadhaa. Mwanamke aliwasikia wakisemezana wangemfanya nini kama asingekuwa na mbwa yule. Alipofika kwake, alimwita mumewe atoke amwone mbwa aliyemwokoa. Mbwa hakuwapo.

Hadithi kama hiyo haiwezi kuwa imebuniwa na mtu asiyejua hofu ya mwanamke anayetembea peke yake gizani. Wenye kutisha ndani yake ni watu walio hai. Mzuka ndiye msindikizaji. Mwandishi Augustus Hare aliandika kisa kinachofanana nacho mwishoni mwa karne ya 19: mpanda farasi alisindikizwa na mbwa mweusi kupita msituni, na miaka baadaye wafungwa wawili waliohukumiwa kunyongwa wakakiri kwamba walikuwa wamejificha wamuue, ila walimwogopa mbwa. Ruth Tongue naye alisimulia kwamba kwenye vilima vya Quantock, mkoa wa Somerset, kina mama waliwaacha watoto wacheze mbali wakiamini mbwa mkubwa wa vilimani atawaangalia. Wataalamu wamekuwa na shaka na ukusanyaji wa Tongue, kwa hiyo kisa hicho tukipokee kwa tahadhari. Cha Rudkin kinatosha. Alipokuwa akiandika, mbwa wa kanisa la Bungay alikuwa ameshatisha watu kwa miaka zaidi ya 350, na katika vijiji vya Lincolnshire watu walikuwa wanaendelea kumkaribisha mwenzake awafikishe nyumbani.

Karne ya 19 iliongeza vitu viwili. Cha kwanza ni desturi ya kusimuliana habari za mizuka wakati wa Krismasi, karibu na moto, watoto wakiwa wamekaa pamoja na wakubwa. Charles Dickens hakuianzisha, lakini kitabu chake cha Desemba 1843 juu ya bahili Scrooge kiliithibitisha: mizuka inayomtembelea mtu ili kumponya. Cha pili ni mbwa mmoja wa kweli kabisa, wa mjini Edinburgh.

John Gray alikuwa mlinzi wa usiku wa polisi ya jiji. Alifariki Februari 1858 akazikwa katika makaburi ya kanisa la Greyfriars. Mbwa wake mdogo wa manyoya, Bobby, alirejea makaburini na kukaa hapo miaka 14, mpaka alipokufa Januari 1872. Mtaa mzima ulimlea. Kuanzia mwaka 1861 mzinga ulipigwa ngomeni saa saba mchana, na watu walikusanyika kumwona Bobby akiondoka kwenye kaburi kwenda kula. Mwaka 1867 leseni za mbwa zilipokazwa, meya wa jiji, William Chambers, alimlipia yake na kumpa mkanda wa shingoni wenye maandishi. Mkanda huo umo katika makumbusho ya jiji. Mwaka mmoja baada ya kifo chake, sanamu yake iliyochongwa na William Brodie ilisimamishwa kwa gharama ya Angela Burdett-Coutts, mmoja wa wanawake matajiri zaidi wa zama zake. Mwaka 2011 mwanahistoria Jan Bondeson alitoa hoja kwamba huenda walikuwa mbwa wawili waliofuatana, na kwamba wa kwanza alikuwa mbwa wa mitaani aliyezoea kulishwa pale. Inawezekana. Hata hivyo kuna jambo ambalo hoja hiyo hailigusi: jiji lililokuwa na umaskini mkubwa liliamua, mwaka baada ya mwaka, kwamba kiumbe anayekaa na maiti wake asifukuzwe.

Mmarekani Eleanor Atkinson alimfanya Bobby kuwa wa watoto wa dunia nzima kwa riwaya ya mwaka 1912, akimgeuza marehemu Gray kuwa mchungaji mzee wa kondoo. Filamu ya Disney ikafuata mwaka 1961. Makaburi ya Greyfriars yana sifa ya mizuka mibaya, na ziara za usiku huuza hofu hiyo; lakini watoto huelekea kwenye jiwe la Bobby, wakaacha hapo vijiti vya kuchezea mbwa.

Tuje kwenye nyumba sasa. Mbwa alikuwapo, mtoto alikuwapo, na moto wa Krismasi ulikuwapo. Rudyard Kipling alisogeza nyumba ya kale karibu zaidi mwaka 1904 kwa hadithi fupi "They", ambamo mwenye gari anapotea njia na kufika kwenye nyumba nzuri ya zamani ya mwanamke kipofu, na bustani imejaa watoto ambao hawajitokezi waziwazi. Ni watoto waliokufa, wamekuja kwa sababu mwenye nyumba anawapenda. Kipling alikuwa amempoteza binti yake Josephine, mwenye umri wa miaka sita, mwaka 1899. Hadithi ile aliwaandikia wakubwa. Ilimbidi mtu mwingine aifungulie watoto mlango.

Mtu huyo alikuwa Lucy Boston. Alizaliwa Southport mwaka 1892 katika familia ya Kimethodisti yenye masharti mengi, akawa muuguzi huko Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaolewa, akapata mtoto mmoja wa kiume, Peter, kisha ndoa ikavunjika mwaka 1935. Alizunguka Ulaya akijifunza kuchora. Mwaka 1939, akiwa anaishi Cambridge, alisikia kwamba nyumba moja inauzwa katika kijiji cha Hemingford Grey. Alikumbuka nyumba aliyoiona kutoka mtoni miaka mingi nyuma, mwaka 1915, akaamini ndiyo hiyo. Akaenda kubisha hodi na kusema amekuja kununua. Wenyewe walishangaa: walikuwa wamekata shauri la kuuza asubuhi ile ile na hawakuwa wamemwambia mtu. Tangazo alilosikia lilihusu nyumba nyingine.

Aliinunua. Ilikuwa imejengwa miaka ya 1130, na ni miongoni mwa nyumba za kale zaidi nchini Uingereza ambazo zimekaliwa na watu tangu zijengwe. Kuta zake za mawe zina unene wa karibu mita moja. Handaki la maji linaizunguka pande tatu, na upande wa nne unapita mto Great Ouse, ambao hufurika majira ya baridi. Boston alitumia miaka miwili kuibandua nyumba tabaka za karne za baadaye mpaka madirisha ya Kinormani na meko ya kale vikatokea. Vita vya Pili vilikuwa vimeanza. Kwenye chumba cha juu aliweka gramafoni yenye pembe kubwa, na mara mbili kwa wiki aliwaalika vijana wa jeshi la anga kutoka kambi za jirani waje kusikiliza muziki. Walikaa kwenye magodoro kando ya kuta, kimya, kisha wakarudi kwenye ndege zao. Kuna waliokuja wiki moja na wiki ya pili hawakuonekana tena.

Mtu aliyekaa katika chumba kile, akihesabu nyuso, hakuwa na haja ya kubuni mizuka. Alichofanya ni kuipokea.

Kitabu chake The Children of Green Knowe kilitoka mwaka 1954, mwandishi akiwa na umri wa miaka 61. Alikiandika bila kuwalenga watoto hasa. Wachapishaji wake, Faber and Faber, walipoona michoro ya mwanawe Peter walikiweka katika orodha ya vitabu vya watoto. Nyumba ya kitabuni ni ile ya Hemingford Grey yenyewe, imebadilishwa jina tu kuwa Green Knowe. Mvulana Tolly, ambaye mama yake amefariki na baba yuko mbali Burma na mke mwingine, anatumwa kwa bibi wa mzazi wake, Bi Oldknow, wakati wa Krismasi. Mto umefurika. Anafikishwa mlangoni kwa mashua. Ukutani kuna picha ya familia ya karne ya 17: Toby, Alexander na mdogo wao Linnet. Usiku Tolly anasikia vicheko. Kioo kinaonyesha kitu kilichopita. Vitu vya kuchezea vinahama. Watoto wa pichani wanamkaribia kidogo kidogo, wakimchunguza, kama ndege wanaojifunza kumwamini mtu.

Kisha Bi Oldknow anamwambia: walikufa katika tauni ya mwaka 1665, wote watatu, pamoja na mama yao.

Tolly anapigwa na bumbuazi. Boston hamfichi mtoto jambo hilo na wala halirembi. Analiweka katikati ya kitabu, na baada yake michezo inaendelea, kwa kuwa mtoto mpweke ameshapata ndugu na hawaachi kuwa ndugu kwa sababu ya kufa. Hapo ndipo ulipo ujasiri wa hadithi hizi. Upole wake haukupatikana kwa kukiondoa kifo. Umepatikana kwa kukipa nyumba, bibi anayekijua, na mlango usiofungwa.

Na mbwa yupo. Linnet alikuwa na mbwa aliyeitwa Orlando. Krismasi inapofika, bibi anampa Tolly mtoto wa mbwa, naye anaitwa Orlando. Hapa Boston anafanya kitu ambacho Rudkin na wanakijiji wake wangekielewa mara moja. Mbwa aliye hai analibeba jina la aliyekufa, na kwa jina hilo urafiki wa miaka 300 iliyopita unapata miguu minne na kuingia jikoni. Katika kitabu cha pili, The Chimneys of Green Knowe cha mwaka 1958, Tolly anarudi likizo ya Pasaka, na Orlando yuko pamoja naye.

Kitabu hicho cha pili kinamhusu zaidi msomaji Mwafrika. Wakati huu bibi, akiwa anashona matandiko ya viraka vya vitambaa, anasimulia habari za mwaka 1798. Susan ni binti kipofu anayefungiwa ndani kwa kuonewa huruma. Baba yake, nahodha wa meli, anarudi kutoka visiwa vya Karibi na mvulana mweusi, Jacob, aliyemkuta akiuzwa katika soko la watumwa. Jacob ndiye anayemtoa Susan nje, anayemfundisha kupanda miti, na nyumba inaposhika moto ndiye anayemwokoa kwa kupitia njia za moshi. Kitabu kina lugha ya zama zake juu ya mtu mweusi, na msomaji ataiona na haina budi kumchoma. Hata hivyo Boston alimpa Jacob nafasi ile ile waliyopewa Toby na Linnet: naye ni mtoto wa nyumba, na alama zake zimo kutani sawa na zao.

Mwaka huo huo wa 1958, Philippa Pearce, aliyekulia kando ya mto mwingine karibu na Cambridge, alitoa Tom's Midnight Garden na kupata Medali ya Carnegie. Nyumba kubwa ya zamani imekatwa vyumba vya kupangisha, saa kubwa ya kusimama inagonga mara kumi na tatu, na Tom anafungua mlango wa nyuma na kuikuta bustani ya enzi za Malkia Victoria. Watu wa bustani wanapita bila kumwona. Mbwa wa nyumba, Pincher, manyoya yanamsimama. Afrika Mashariki nako husemwa kwamba mbwa akibweka usiku bila sababu, ameona kisichoonwa na binadamu. Alichokiona Pincher ni mvulana wa karne ya 20 aliyevaa nguo za kulalia. Pearce ameupindua utaratibu wote kwa mbwa mmoja. Aliye hai ndiye mzuka, na mlinzi wa kizingiti anafanya kazi yake kwa uaminifu kwa kumtilia shaka mgeni.

Mwaka 1973 Penelope Lively, aliyezaliwa Cairo, alitoa The Ghost of Thomas Kempe, nacho kikapata Medali ya Carnegie. Mafundi wanaokarabati nyumba ya kale wanavunja chupa iliyofichwa, na mchawi wa karne ya 17 anatoka akitaka mvulana James awe mwanafunzi wake. Ni mzuka mwenye kelele na kiburi, kumbe ni mzee aliyechelewa na wakati. James hana wa kumwamini nyumbani mwake, ila ana mbwa wake Tim.

Boston mwenyewe alipata Medali ya Carnegie kwa kitabu cha mwaka 1961 kisicho na mzuka hata mmoja, A Stranger at Green Knowe. Kinaanzia msituni Kongo, katika familia ya gorila, ambako dume mdogo anakamatwa na kupelekwa kwenye bustani ya wanyama ya London. Miaka baadaye anatoroka na kujificha katika vichaka vya Green Knowe, ambako anamkuta Ping, mvulana mkimbizi wa Kichina. Kurasa za mwanzo juu ya msitu ule ziliandikwa na mtu aliyekasirishwa na vizimba, na nyumba iliyowapokea watoto wa tauni ilikuwa na nafasi kwa hao wawili pia.

Kitabu cha mwisho cha mfululizo, The Stones of Green Knowe, kilitoka mwaka 1976. Boston alikuwa amevuka miaka 80 na bado alikuwa akiishi katika nyumba ile ile, ambako alifariki mwaka 1990 akiwa na umri wa miaka 97. Safari hii alirudi nyuma hadi nyumba inapojengwa, mwaka 1120 kwa hesabu ya kitabu. Roger, mtoto wa kwanza wa nyumba, anatazama kuta za mawe zikipanda. Anagundua viti viwili vya mawe vya kale vinavyomwezesha kwenda mbele katika wakati, na huko anawakuta, zama baada ya zama, Toby na Linnet, Susan na Jacob, na hatimaye Tolly. Kwa Roger hao wote ni watoto ambao bado hawajazaliwa, na ni yeye anayewatokea ghafla, akitaka kujua kama nyumba ya baba yake bado imesimama.